Usifute, vuta: sahani za santuri na mashine yangu ya kuzisafisha

Kuna jambo nimelibishania na watu wengi hapa Mombasa na ntaendelea kulibishania: sahani ya santuri haisafishwi kwa kufutwa. Chukua kitambaa laini unavyotaka, kiwe kipya hata hakijatolewa karatasi, kiloweshe upitishe juu ya sahani, lile vumbi la juu litatoka ndio, sahani itang'aa na we utafurahi, lakini uchafu wenyewe unaoharibu sauti haukai juu, uko ndani ya mfereji, ule mstari sindano inamopita, na kile kitambaa kimeusukuma tu ukaingia chini zaidi, sasa umechanganyika na maji umekua tope, maji yakikauka tope linabaki palepale limegandamana na ukuta. Ndio sababu mtu anasafisha sahani yake vizuri, anaiweka, anasikia yakwaruza kuliko mwanzo, anasema basi hii ishakufa, anaitupa. Haijafa. Uchafu haujatoka tu.

Uchafu wa sahani unatoka ukiwa majimaji, na hayo majimaji lazima yavutwe yaondoke pamoja na uchafu wake kabla hayajakauka. Hiyo ndio kazi ya mashine ya vakyumu ya kusafisha sahani, na hiyo ndio mashine nnayotaka kuizungumzia leo kwa urefu, manake watu wananiuliza sana na majibu ya WhatsApp hayatoshi.

Kwanza tuelewe tunasafisha nini. Ukiitazama LP, ile sahani kubwa, unaona weusi na mistari mistari, kumbe ni mfereji mmoja tu, unaanza ukingoni unazunguka na kuzunguka mpaka karibu na lebo. Upana wake ni kama wa unywele. LP yenye dakika 20 kwa upande mmoja, ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mfereji huo ukiunyoosha unapita mita 400, haupungukiwi sana na ule mkondo wa Likoni tunaovuka na feri. Mita 400 za mfereji mwembamba hivo, umekaa stoo miaka na miaka! Tena una kuta mbili zilizoinama zikakutana chini, na kwenye sahani za stereo, zile zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ukuta mmoja umebeba sauti ya spika ya kushoto na wa pili ya kulia. Kwa hivo ukisikia makwaruzo yatoka spika moja tu usikimbilie kwa fundi wa amplifaya, yawezekana ni ukuta mmoja wa mfereji ndio umejaa.

Sindano nayo ni kijiwe cha almasi, inakanyaga kwa uzito wa kama gramu 2. Gramu 2 ukizitia kiganjani huzisikii, lakini kule chini zinaangukia mahali padogo mno, kwa hivo sindano ikikutana na chembe ya mchanga inaisaga kwenye ukuta wa plastiki, na plastiki ikishachimbika hairudi tena. Roho huniuma sana nikiona mtu ameokota sahani sokoni, anaipuliza kwa mdomo, anaiweka hapohapo ati aisikie kama iko sawa. Usiijaribu ikiwa chafu. Isafishe kwanza, hata kama umeipata bure.

Na hapa kwetu zinapatikana. Watu hudhani mambo ya sahani ni ya Nairobi au ya wazungu, lakini Mombasa ilikua mji wa sahani khaswa. Assanand & Sons walikua hapahapa, kampuni ya sahani, na lebo yao ya Mzuri ilitoa taarabu na muziki wa dansi kwenye zile sahani ndogo za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Kiwanda cha kuchapa kilikua Nairobi, lakini nyimbo nyingi zilizochapwa kule zilitoka huku pwani, na zilirudi kuuzwa huku. Ongeza LP za filamu za Kihindi ambazo kila nyumba ya Kihindi ilikua nazo na nyumba za Waswahili pia, ongeza sahani za Umm Kulthum zilizoletwa na wenye asili ya Yemen, ongeza rumba ya Kongo, utaona kwanini nyumba ya zamani ya Mji wa Kale ikianza kukarabatiwa, juu darini au chini ya kitanda cha samadari halikosi boksi.

Sasa hilo boksi limekaa wapi? Limekaa Mombasa. Na hapa ndipo mambo yetu yanatofautiana na yale unayoyasoma kwa watu wa Ulaya. Wao kilio chao kikubwa ni umeme tuli, ile sahani kuwa na chaji ikavuta vumbi lote la chumba, na hilo huwasumbua zaidi wakati hewa ni kavu. Hapa kwetu hewa yenyewe ina maji, umeme tuli hausumbui sana labda kama waishi ndani ya AC mchana kutwa. Adui wetu sisi ni ukungu. Kusi likiingia na masika yake, Aprili na Mei, kabati lisilofunguliwa linanuka uvundo, viatu vya ngozi vinaota kijani, na sahani zilizolala kwenye bahasha zake za karatasi zinaota vilevile. Ile plastiki haina chakula kwa ukungu, lakini karatasi inacho, gundi ya jaketi inacho, na mafuta ya vidole vya waliozishika sahani miaka yote nayo ni chakula. Juu ya hapo weka chumvi ya hewa ya bahari, moshi wa udi na ubani, vumbi la chokaa ya ukutani.

Ukungu wa sahani utautambua ukiinamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha. Unaona vinukta vyeupe vimesambaa, vingine vimetoa matawi membamba, na mahali vilipozidi panakua kama pamepigwa pumzi ya ubaridi haipotei. Ukicheza, sauti yake si ile pap pap ya mkwaruzo inayokuja kila mzunguko, ni mchemko, unachemka mwanzo mpaka mwisho na sauti ya mwimbaji imezama ndani. Hizi usizishughulikie chumbani. Mimi nazitolea barazani, navaa barakoa, na bahasha ya karatasi ya ndani naitupa hapohapo ila ikiwa imechapwa kitu, manake ukiirudisha sahani safi kwenye bahasha ileile ya zamani umeurudisha ukungu kitandani kwake.

Haya, mashine.

Wazo lenyewe si jipya. Uingereza, mwaka 1969, Keith Monks alianza kuuza mashine ya kusafisha sahani kwa kuvuta maji, na BBC walikua miongoni mwa waliozitumia kwenye maktaba zao za sahani. Mashine ile ina mkono wenye ncha ndogo sana inayosafiri juu ya sahani na kuvuta mfereji kidogo kidogo, na baina ya ncha na sahani kuna uzi unaopita polepole ili ncha isiguse plastiki na uchafu usirudi. Ni kazi ya uangalifu mkubwa na bei yake ni hiyohiyo ya uangalifu mkubwa. Baadaye zikaja za namna nyingine, VPI na Nitty Gritty za Marekani, Okki Nokki ya Uholanzi, Pro-Ject, ambazo badala ya ncha moja zina bomba lenye mwanya mrefu wa kutosha kutoka lebo mpaka ukingoni, na pembeni ya mwanya kuna vipande vya mahameli. Sahani inazunguka, bomba linavuta upande mzima kwa mpigo mmoja. Si taratibu kama ya uzi lakini kwa mtu wa nyumbani yatosha kabisa, na kwa mkusanyiko mkubwa yakuokoa.

Yangu ni Okki Nokki, niliinunua mkononi kwa mtu Uingereza na binamu yangu akanitilia kwenye mizigo yake. Nalitaja hili la Uingereza kwa sababu maalum: stima ya kule na ya kwetu zinaelewana, volti 230 na kitu, hezi 50, hata plagi ni ileile ya meno matatu. Ukiagiza ya soko la Marekani imeundwa kwa volti 120 na hezi 60, ukiichomeka hivihivi umeiunguza, utahitaji transfoma tena transfoma nzito ya kubeba mota ya vakyumu, na hata hivo mota zingine huzunguka polepole kwenye hezi 50. Kabla hujalipa pesa muulize muuzaji akupigie picha ya kile kibandiko cha nyuma.

Sasa vile nnavyofanya. Naiweka sahani, nakaza kile kifuniko cha katikati, chenyewe kinalinda lebo isilowe (lebo za zamani wino wake hutoka upesi, na lebo ndio cheti cha kuzaliwa cha sahani, ina jina la mwimbaji, jina la kampuni, namba, ikifutika umepoteza nusu ya historia). Kisha napitisha brashi kavu kuondoa vumbi la juu ili lisigeuke tope. Naiwasha izunguke, namimina majimaji kidogo kidogo kuanzia karibu na lebo kwenda nje, natandaza kwa brashi ya manyoya ya mbuzi mpaka sahani yote inakua na ngozi moja ya maji isiyokatika. Hapa ndipo watu wana haraka na hapa ndipo pasipotakiwa haraka. Yaache maji yakae. Sahani ya kawaida dakika moja mbili, yenye ukungu zaidi, lakini usiiache ikakauka, na mwezi wa pili kwenye lile joto la kaskazi inakauka huku unaitazama, kwa hivo unaongezea. Halafu nageuza mzunguko, mashine yangu inazunguka kulia na kushoto, napiga tena brashi bila kukandamiza, manake manyoya yakija kutoka upande wa pili yanafikia uchafu uliojificha nyuma ya mawimbi ya mfereji.

Ndipo nashusha mkono na kuwasha vakyumu. Inapiga kelele sana, nawaambia mapema, usifanye saa ya watoto kulala wala wakati wa adhana. Mizunguko miwili, basi. Ile ngozi ya maji unaiona inakuja mpaka kwenye bomba na nyuma yake sahani inatoka nyeusi, kavu, weusi ule ambao pengine haijaonekana nao tangu itoke dukani. Ukizidisha, ukaendelea kuvuta sahani iliyokwisha kukauka, mahameli yanaanza kusugua plastiki na umeme tuli unatengenezwa hata hapa kwetu. Mkono nauinua huku sahani bado inazunguka na vakyumu bado inavuta, hivo haliachi ule mstari wa tone mahali bomba liliposimama. Halafu narudia mara ya pili kwa maji matupu yasiyo na kitu, kusuuza. Wengi wanairuka hii ya kusuuza na mimi nasema ndio nusu ya kazi, dawa yoyote uliyotia isipotolewa inabaki kua uchafu mpya.

Upande wa pili ndio wenye mtego. Sahani ulipoiweka chafu, upande wa chini ulilalia ile plati ya mashine, ukaacha uchafu wake. Ukigeuza ukalaza upande ulio safi palepale, umeuchafua. Kwa hivo nina mikeka miwili ya plati, mmoja wa sahani ikiwa chafu na mmoja wa sahani ikishageuzwa, na mikeka yenyewe naiosha. Vilevile mahameli ya bomba, nina seti yangu ya sahani za ukungu haigusani na seti nyingine, na baada ya kila sahani nayapitishia brashi ndogo. Mahameli yakilala, manyoya yake yakashikana, yanabadilishwa. Na huhitaji kungoja ya kuagizwa, nenda Biashara Street utapata mahameli mazuri kwa kipimo kidogo, chagua yenye manyoya mafupi yaliyosimama, yakate membamba, yabandike kwa gundi ya pande mbili.

Mota nayo yataka pumzi. Ukipiga sahani nyingi mfululizo kwenye joto letu inapata moto, kwa hivo napumzika nayo, naandika kwenye daftari lebo na namba za zile nilizomaliza. Na tangi la ndani umwage kabla halijajaa. Hayo maji ya tangi ndio namuonesha yeyote anayeniambia sahani yake ilikua safi: yatoka kahawia, mazito, na chini yake kumetuama unga mweusi. Vyote hivo vilikua mahali sindano ilipokua ikipita.

Majimaji sasa, na hapa niwaombe mnisikize vizuri wenzangu wa Mombasa. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima. Visima vyetu vya kisiwani ni vya chumvi, hilo halihitaji mtaalamu, kila mtu ameonja, na hata ya bomba yana madini yake, tazama ndani ya birika lako la stima. Maji hayo yakikauka ndani ya mfereji yanaacha kila yalichokua nacho. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale wanayouza vituo vya petroli na maduka ya spea kwa ajili ya betri za gari, lakini soma chupa kwa makini, uchukue maji, usije ukachukua asidi ya betri, chupa hukaa rafu moja.

Mchanganyiko wangu wa sahani za plastiki ni sehemu nne za maji hayo na sehemu moja ya alkoholi ya isopropili, kisha matone machache kwa lita ya dawa ya kulainisha maji, yaani ile inayofanya maji yasijikusanye matone matone juu ya plastiki bali yatandae na kuingia mferejini. Mimi natumia Photo-Flo ya Kodak, wazee wa studio za picha wanaijua, walikua wakisuuzia negativu. Alkoholi yenyewe nunua duka la vifaa vya hospitali au la kemikali, na usikubali kupewa spiriti ya kufutia vidonda, mara nyingi hiyo huwa imetiwa mafuta, na mafuta ukishayatia mferejini una kazi nyingine. Sabuni ya vyombo pia hapana, ina manukato na rangi. Wako wasiotaka alkoholi kabisa, Maktaba ya Bunge la Marekani mathalan husafisha kwa maji yaliyotolewa madini na dawa inayoitwa Tergitol, hamna alkoholi ndani, na sina ugomvi nao. Mimi natumia kwa sababu ya ukungu na mafuta ya mikono, na kwa sababu kwenye unyevu wetu inasaidia sahani ikauke upesi.

Lakini! Zile sahani nzito za 78, zinazovunjika ukiziangusha, hizo si plastiki, hizo ni shelaki, utomvu wa mdudu, na alkoholi inaiyeyusha shelaki. Inaiyeyusha kweli, mfereji unalainika na sauti inakwenda. Na kumbuka ni nini kiko kwenye hizo 78. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilirudi Unguja na pwani yote hii juu ya shelaki. Ukibahatika kupata sahani ya wakati ule, au ya miaka iliyofuata, maji yaliyotoneshwa na tone la kulainisha, brashi, vuta upesi, basi. Usiiloweke. Ikiwa ina ufa usiiguse kwa mashine kabisa.

Za 45 nazo zina mambo yake. Ule mkono wa LP ni mrefu kwa sahani ndogo, mwanya unabaki wazi na mvuto unapotea, kwa hivo ipo mikono mifupi ya kununua kando, na kwa sisi huku huo mkono mfupi si anasa, ni lazima, manake muziki wetu ulikua kwenye 45. Zile nyimbo ndefu za bendi walizikata vipande viwili, sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B, ukisafisha upande mmoja tu umesikia nusu ya hadithi, na mara nyingi gitaa tamu liko upande wa B. Zenye tundu kubwa katikati utahitaji adapta iliyobana vizuri, ikicheza sahani inayumba na maji yanaruka mpaka kwenye lebo.

Najua wengi mtasema bei. Ni kweli, mpya ni mamia ya dola, zingine maelfu, na sitaki mtu auze friji. Kuna njia ya katikati nnayoiamini. Fundi mmoja pale Mwembe Tayari alimtengenezea rafiki yangu bomba la kuvutia kwa paipu nyembamba ya plastiki, akalipasua mwanya sawasawa kwa msumeno mwembamba, akalisugua kingo kwa msasa laini sana, akabandika mahameli pande mbili, upande mmoja akaliziba na mwingine akaliunganisha na vakyumu ya nyumbani. Vakyumu yenyewe lazima iwe ile inayokubali maji na vumbi, ya kawaida ukiivutisha maji ni hatari ya stima, usithubutu. Sahani anaizungusha kwa mkono juu ya plati ya gramafoni ya zamani isiyotumika. Matokeo yake nimeyasikia na masikio yangu, hayaachani sana na ya mashine yangu. Mwanya wenyewe uwe mwembamba, ukiwa mpana mvuto unatawanyika.

Zile beseni za kuzungushia sahani ndani ya maji ni nafuu na zinaosha vizuri, tatizo ni mwisho wake, maji hubaki juu ya sahani ukaambiwa ufute na kitambaa au uianike. Ukiwa nayo, iongezee bomba la kuvuta, umekamilika. Mashine za mawimbi ya sauti, zile zinazotikisa maji kwa kasi tusiyoisikia, Degritter ya Estonia kwa mfano inatikisa kwa kilohezi 120, zinafikia mahali brashi haifiki, nimeona kazi yake na ni nzuri mno, lakini bei yake kwa sasa siizungumzi. Na wale wa kumwaga gundi ya mbao juu ya sahani wakaibandua ikikauka, naomba tuache. Kwenye unyevu huu gundi haikauki sawasawa, kipande kikibaki mferejini utakitoaje.

Ami yangu ana miaka mingi, alikua akienda harusini kusikiliza taarabu akiwa kijana, anamjua Juma Bhalo na Zein l'Abdin kwa kuwaona si kwa kusimuliwa. Aliniletea 45 ya taarabu, lebo imeliwa na mende, jina halisomeki, akaniambia hii usijisumbue, hii ilikua ikichemka tangu mamako hajaolewa. Nikaipiga maji, nikaiacha muda mrefu, nikavuta, nikarudia, mara ya tatu maji ya tangi yakaanza kutoka meupe. Tulipoiweka, kulikua bado na mikwaruzo miwili mitatu, hiyo ni ya kudumu, hakuna mashine inayoziba mkwaruzo. Lakini ule mchemko ulikua haupo. Udi ulianza peke yake, kila mpigo wa risha wasikika unavyoanza na unavyokufa, kisha fidla, kisha yule bwana akavuta pumzi kabla ya kuimba, na ile pumzi ilisikika. Ami alimwita mke wake kutoka jikoni, "Ndoo uskize, ndoo! Yuwaimba kana kwamba yuko hapa barazani." Alimtambua mwimbaji kwa beti ya kwanza, na mtu aliyetunga shairi pia, na harusi ya nani ilikua wimbo huo umevuma. Nikayaandika yote.

Hilo ndilo linalonifanya niandike marefu hivi. Sahani ya wasanii wakubwa wa Ulaya ukiiharibu, ziko nyingine laki nzima na kanda zake asili zimehifadhiwa kwenye vyumba vyenye baridi. Sahani ya kundi la taarabu la Mombasa iliyochapwa chache, kanda yake pengine ilirekodiwa kitu kingine juu yake au ilitupwa duka lilipofungwa, huenda ile uliyonayo ndiyo iliyobaki. Kwa hivo mimi sahani ikitoka kwenye mashine na ikakaa ikakauka kabisa, mara ya kwanza inapochezwa inachezwa kwa kurekodiwa kwenye kompyuta, faili kamili si MP3 iliyopunguzwa, pamoja na picha ya lebo pande zote mbili. Kisha inaingia bahasha mpya ya plastiki laini na inasimamishwa, haitalazwa kamwe, mbali na ukuta wa nje manake kuta zetu za zamani zinanyonya maji, na kabati linaachiwa nafasi hewa ipite. Wakati wa masika nazikagua kila baada ya muda kwa kuzinusa, uvundo unatangulia kabla ukungu haujaonekana.

Kimoja tu ambacho sijakipatia njia ni jaketi. Sahani naweza kuiosha, karatasi siwezi, na jaketi za zamani zilizochapwa hapa Kenya zina picha za wasanii ambazo hazipo popote, nyingine zimeota madoa ya kahawia na gundi yake imeachia. Kwa sasa naziweka mbali na sahani zake, kila moja ndani ya mfuko wake na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na sizisugui. Kama kuna anayefanya kazi ya kuhifadhi misahafu na vitabu vya zamani, Lamu au hapa, anajua namna ya kuua ukungu wa karatasi bila wino kutoka, naomba aniandikie, nina boksi zima linamngoja.